Maswali Yenu: Timu ya mtu ikifulia

Safari hii meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja tu, kuchekwa. Msimu umeenda vibaya, klabu haina hela, na kijiweni hakukaliki. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ina swali la pesa ambalo watu wanalijibu kwa kelele tu, na ile ya mwisho naomba uisome hata kama mpira haukuhusu.

SWALI: Shikamoo anko. Mimi dereva boda, napaki Mwanga hapa Kigoma mjini, Man United damu tangu niko darasa la tatu. Anko sina raha kabisa. Kijiweni kwetu Arsenal wako watano, Liverpool watatu, Chelsea wawili, halafu mimi na jamaa mmoja ambaye siku hizi anajifanya eti haangalii mpira. Tangu ule msimu tulioshika nafasi ya 15 mimi ndo mboga yao. Zamani walikuwa wanacheka magoli, sasa wameingia kwenye hela, nikifungua hotpoti yangu mchana niweke tonge mtu anapiga kelele "jamani mchangieni huyu, timu yake imefuta chakula cha wafanyakazi", basi kituo kizima kinacheka mpaka abiria. Juzi mama mmoja mtu mzima nampeleka Bangwe kaniuliza na yeye, eti mwanangu nasikia timu yako imefilisika? Sasa nataka kujua ukweli. Timu inajaza uwanja wa watu elfu sabini na kitu, hela inaenda wapi? Na hawa nawajibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na lile ambalo huna pa kukimbilia. Msimu wa 2024/25 timu yako ilicheza mechi 38 za ligi ikapoteza 18, ikamaliza na pointi 42, na haijawahi kumaliza vibaya hivyo tangu msimu wa 1973/74 ule walioshuka daraja. Tarehe 21 Mei 2025 wakaenda Bilbao fainali ya Europa League wakafungwa 1-0 na Tottenham, goli la Brennan Johnson, na hao Tottenham wenyewe kwenye ligi walikuwa nafasi ya 17. Haikutosha, Agosti hiyohiyo wakatolewa kombe la ligi na Grimsby, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12 kwa 11. Hapo kaa uchekwe mwanangu. Ndo mpira, na wewe ungekuwa upande wa pili ungecheka mpaka ukae chini, usiniambie hapana.

Sasa hela. Timu yako haijafilisika, mwambie yule mama hivyo kwa heshima zote, ila wanaokucheka nao hawajatunga stori. Nitakueleza kwa mfano wa hapahapa kwetu maana ukielewa huu umeelewa yote.

Chukua mzee ana boti yake ya dagaa pale Kibirizi, ina injini, nyavu na taa, haidaiwi na mtu. Anakuja mtu anasema naitaka, lakini mfukoni ana hela kidogo, anaenda kukopa, na mkopo wenyewe hauandikwi kwake, unaandikwa kwenye boti. Yaani boti inajinunua yenyewe. Kuanzia usiku ule kila ndoo ya dagaa inayopanda, kabla mvuvi hajapewa chake na kabla mafuta ya kesho hayajanunuliwa, kwanza inalipa riba ya mkopo ambao boti haikuuomba. Giza likiwa zuri na dagaa wamepanda, hakuna anayeona tatizo, kila mtu anakula. Ikija mbalamwezi ndo utajua. Wewe mtu wa Kigoma unajua mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu, lakini deni halijui mbalamwezi wala giza, linataka chake.

Hicho ndicho kilichofanyika Manchester mwaka 2005. Familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua klabu kwa karibu pauni milioni 790, sehemu kubwa ya hela zikiwa za mkopo, na mkopo ukaangukia mgongoni kwa klabu ambayo ilikuwa haina deni. Wakati wa kocha Ferguson giza lilikuwa zuri, makombe yanaingia, Ulaya kila mwaka, watu wachache tu ndo walikuwa wanapiga kelele, wale mashabiki waliovaa skafu za kijani na njano kuwapinga Glazer. Ferguson kaondoka 2013, mbalamwezi ikatoka. Juu ya deni wakaanza kununua wachezaji kwa bei kubwa, wengine kwa kulipa kidogokidogo, kwa hiyo mpaka leo kuna hela wanadaiwa za watu ambao hata hawachezi tena pale. Usiniulize mshahara wa mmojammoja, nitakasirika bure.

Ndo maana ukaona kitu cha ajabu, mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2024 klabu iliingiza pauni milioni 661.8, hela ambayo wewe na mimi hatuwezi hata kuihesabu, na bado ikapata hasara ya pauni milioni 113.2. Kuingiza nyingi si kubaki na nyingi. Tajiri mwingine Jim Ratcliffe aliyenunua hisa asilimia 27.7 mwanzoni mwa 2024 ndo akaja na mkasi, wakapunguzwa wafanyakazi 250, halafu likaja tangazo la wengine mpaka 200, na chakula cha mchana cha bure cha wafanyakazi pale Old Trafford kikafutwa, watu wakaambiwa kutakuwa na matunda. Ratcliffe mwenyewe alisema wazi bila kubana matumizi fedha zingeisha ndani ya mwaka 2025. Kwa hiyo utani wa hotpoti yako umetokea kwenye jambo la kweli.

Lakini hapa ndo nataka unisikilize vizuri mwanangu, maana mimi hili linaniuma na sijali wakisema nina huruma za kizee. Kumfukuza kocha Erik ten Hag na benchi lake, ukijumlisha na yule mkurugenzi wa michezo Dan Ashworth aliyekaa miezi mitano tu, ilikula pauni milioni 14.5. Ten Hag alikuwa ameongezewa mkataba Julai akafukuzwa Oktoba ya mwaka huohuo. Aliyefanya hesabu ile hakukosa chakula cha mchana. Aliyekosa ni mtu wa usafi, ni mtu wa tiketi, ni dada wa mapokezi ambaye hajawahi hata kugusa mpira. Kijiweni wakianza na Grimsby cheka nao, wape chai, wamalize. Wakiingia kwenye chakula waulize tu kwa upole, yule aliyeachishwa kazi alicheza namba ngapi? Aliikosa penalti ya ngapi?

Halafu wale watatu wa Liverpool waambie wasicheke sana hadi wasahau kwao. Wamarekani wawili, Hicks na Gillett, waliichukua Liverpool 2007 kwa mtindo huohuo wa mkopo na Oktoba 2010 walifika mahakamani, benki inataka hela yake, timu ikauzwa kwa pauni milioni 300 siku zimebaki chache mno. Nilikuwa nafuatilia redioni kila jioni na mimi wala si Liverpool. Na wawili wa Chelsea, kabla tajiri Abramovich hajainunua 2003 klabu yao ilikuwa na madeni ya karibu pauni milioni 80 na haijui italipaje. Arsenal siwasemi, hao kwenye hesabu walijibana wenyewe miaka mingi kulipia uwanja, wana haki ya kutamba kidogo upande huo.

Na timu inaweza kufa kweli? Inaweza. Kuna klabu inaitwa Bury, ipo hukohuko upande wa Manchester, ilianzishwa 1885, ilishachukua kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903. Agosti 2019 ilikuwa inadaiwa kila kona na asubuhi ya siku ya mwisho mashabiki wakaja uwanjani na mafagio na ndoo, wakafuta viti, wakaosha korido, kwa sababu waliambiwa huenda kuna mnunuzi na mechi inaweza kuwepo. Watu walifuta viti mchana kutwa. Usiku wakatangaziwa klabu imeondolewa kwenye ligi. Majirani zao Bolton nao walikuwa wananing'inia palepale, wao wakapata mnunuzi siku iliyofuata. Mimi picha ya wale watu na mafagio haijanitoka hadi leo, na sijawahi tena kumtania mtu kwamba timu yake itakufa.

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mimi naishi Ujiji, mwanamke, Simba. Mume wangu Yanga. Mwaka ule wa bakuli, Yanga wanachangisha hela kwa mashabiki, nilimtania mpaka ndugu wakaniambia punguza, kila Yanga ikicheza nilikuwa naweka bakuli la plastiki la bluu juu ya meza naweka na sarafu ya mia namwambia baba watoto changia timu yako. Kumbe lile bakuli alilificha. Sasa miaka minne yote Yanga wamekuwa mabingwa, kila siku ya dabi anashuka nalo kutoka juu ya kabati, anaweka palepale mezani, hasemi kitu, anakaa kimya. Zile goli tano walizotufunga Novemba 2023 aliliweka mara tano. Nimefika mahali mechi ikianza naenda kwa jirani kusuka ukili. Hivi nina haki ya kukasirika au la?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Huna. Nimekucheka na nimekuhurumia kwa pamoja, lakini huna, bakuli ni lako mwenyewe.

Niseme ukweli wangu ili usije ukasema nimekuficha, mimi ni Yanga, na yale maneno yote yetu na yenu nayajua, vyura, kandambili, utopolo, na sisi tukiwaita mikia na makolo. Ni ya jadi hayo, Yanga imeanza 1935, Simba 1936, tangu hapo hakuna aliyelala. Goli sita mlizotufunga 1977 nilihadithiwa, tano zenu za Mei 2012 niliziona mwenyewe sikula siku hiyo, na 5-1 yetu ya tarehe 5 Novemba 2023 imenirudishia kidogo. Magoli ni magoli. Anayefungwa anachekwa na kesho anacheka.

Ila lile la bakuli lilikuwa tofauti na ngoja nikwambie kwa nini. Mwenyekiti Yusuf Manji alijiuzulu Mei 2017 na yeye ndo alikuwa mfuko wa timu, siku mfuko umeondoka tukajikuta hakuna mfuko mwingine. Msimu wa 2017/18 tukawa wa tatu. Mishahara ikawa stori za kila wiki, mara wachezaji hawajasafiri, mara wamegoma mazoezi. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, akasema mbele ya watu mashabiki tuchange, na tukachanga kweli, mtu anatuma elfu moja, mtu anatuma mia tano, mwingine anatuma ya vocha. Mimi nilituma elfu mbili kwa simu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kununua mkaa, na nyuma yangu kuna kijana kaona skrini yangu akatangaza foleni nzima, "mzee naye anatembeza bakuli". Dada yangu ile iliniingia. Kufungwa nilizoea lakini kuitwa ombaomba kwa sababu nimeichangia timu yangu mwenyewe, ile hapana. Hizi klabu zina wanachama, zina kadi, mwenye mali akichangia mali yake ameomba nini?

Na ukiangalia matokeo ya ule msimu ndo utashangaa, ile timu ya bakuli ilimaliza ya pili na pointi 86, nyie mabingwa mlikuwa na 93. Pointi saba tu. Wale vijana walicheza miezi mingine bila hela na bado walipambana hivyo, mimi mpaka leo nawaheshimu kuliko hawa wa sasa wanaolipwa vizuri, samahani kwa Yanga wenzangu lakini ndivyo ninavyoona. Baadaye wakaja wadhamini GSM, usajili ukabadilika, ubingwa ukaja 2021/22 mpaka 2024/25 mfululizo, na kabla ya hapo minne mfululizo ilikuwa yenu. Na kwenu msimu wa 2023/24 mkawa wa tatu, pointi 69 sawa na Azam wakawapita kwa magoli tu, mkakosa Ligi ya Mabingwa. Mume wako angeweza kukusema kwa hilo pia na nadhani hakufanya, amekaa na bakuli lake tu.

Kuna jambo moja nataka kukusimulia. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya kombe la FA ililetwa hapahapa kwetu, uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga. Nilikuwepo. Mukoko Tonombe wetu kapata kadi nyekundu kipindi cha kwanza, tukavumilia wachache mpaka kipindi cha pili, halafu Taddeo Lwanga wa Simba akatumaliza kwa kichwa, 1-0. Natoka uwanjani sina sauti, jezi ya njano imelowa jasho, kijana wa jezi nyekundu ananishika bega ananiuliza, mzee una nauli? Nikajua tayari, ndo lile bakuli linaanza. Nikamtolea macho. Kumbe alikuwa na gari na nafasi moja, anaenda Mwanga, ananiuliza kwa nia njema tu kwa sababu ameniona mtu mzima na bajaji zote zimejaa. Akanipeleka mpaka nyumbani. Njiani alinitania lile goli mara kama ishirini, anaigiza kabisa kile kichwa huku anaendesha, na nilicheka, kweli nilicheka, maana goli walilifunga.

Kwa hiyo wewe rudi sebuleni usiende kwa jirani. Siku ya dabi inayokuja lichukue hilo bakuli mwenyewe kabla hajalishusha, weka karanga, kaa naye muangalie. Na mwambie, nimekosea lile la sarafu, haya mengine tuendelee.

SWALI: Mkuu habari, mimi wa Tabora, nafanya biashara ya dagaa nakuja Kigoma mara mbili kwa mwezi. Pale mnadani Kibirizi wameshanipa jina "mzee wa wanane". Nikibishana bei tu mtu anasema huyu timu yake ilienda Dar na wachezaji wanane atakuwa na hela gani. Waambie wenzako waache.

JIBU: Karibu sana jirani, na nawaambia. Kwa wasiojua, Agosti 2023 timu ya Tabora, wakati huo ikiitwa Kitayosce, ilianza ligi kuu kwenye uwanja wa Azam Complex ikiwa na wachezaji wanane tu kwa sababu wengine wengi usajili wao haukuwa umekamilika. Ilikuwa 4-0 ndani ya dakika chache, wawili wakaumia wakabaki sita, na sheria inasema chini ya saba hakuna mechi, mwamuzi akamaliza. Ilichekesha nchi nzima. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaangalia wale wanane, kwamba waliingia. Wangeweza kusema hatuingii. Waliingia wakijua kinachokuja kwa sababu mtu wa ofisini hakumaliza kazi yake.

Halafu timu ileile ikaitwa Tabora United na tarehe 7 Novemba 2024 ikatufunga sisi Yanga 3-1 palepale Azam Complex, na siku chache baadaye kocha wetu Gamondi hakuwa na kazi. Sasa hivi inaitwa TRA United. Wakikuita mzee wa wanane waambie tatu moja, watanyamaza, angalau Yanga wote.

Na ndugu zangu wa Kigoma, sisi tuna Mashujaa, iko chini ya jeshi, inatusaidia kulala usingizi. Lakini Rhino Rangers ya Tabora nayo ilikuwa ya jeshi, ikacheza ligi kuu 2013/14 ikashuka na haijaonekana tena huko. Muuzieni dagaa mwenzenu kwa bei ya siku.

SWALI: Shikamoo baba. Sitataja timu wala mtaa. Mume wangu anacheza mpira timu moja ya madaraja ya chini hapahapa mkoani, beki wa kulia. Miezi mitatu sasa hajalipwa. Viongozi kila siku wanasema Ijumaa. Mechi iliyopita mashabiki wa timu pinzani walikaa upande wake, kila akienda kurusha mpira wanamrushia sarafu, "chukua nauli, chukua hela ya unga", wanaimba. Moja ilimpiga sikioni. Aliokota mpira akarusha, hakusema kitu. Nyumbani hajazungumza siku mbili. Mtoto wetu wa darasa la pili naye karudi analia, wenzake wamemwambia baba yako anacheza bure. Nataka aache mpira, yeye anasema akiacha atakuwa amewapa haki. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba binti yangu. Nimeisoma hii meseji yako asubuhi, nikaifunga, nikairudia mchana. Nyie mliorusha sarafu, kama mnasoma hapa, mnajijua. Mngemzomea kwa krosi mbovu ningekuwa na nyie. Yule kijana anakimbia dakika tisini na ndani hakuna unga, na nyie mnajua hakuna unga, ndo maana mkaimba unga.

Sasa tuache hao, tuzungumze kitu cha kufanya, maana kipo.

Asiache mazoezi na asisuse mechi. Najua inauma lakini akisusa bila barua klabu itasema yeye ndo kavunja mkataba, na hapo kesi inageuka. Aendelee kwenda, asaini mahudhurio kama yapo, na meseji zote za viongozi za "Ijumaa" asizifute hata moja, azipige picha, azitume kwenye simu yako pia.

Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis, kimeanza 2018. Kinasema klabu ikishindwa bila haki kumlipa mchezaji mishahara ya angalau miezi miwili, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja mkataba, ila kwanza aiandikie klabu kwamba wanamdai na awape siku zisizopungua 15 walipe yote. Wakilipa, maisha yanaendelea. Wasipolipa, anaweza kuondoka akiwa huru na deni lake bado anaendelea kulidai. Mumeo ana mitatu. Watu wengi wanaruka ile barua, wanaondoka kwa hasira, wanakuja kushindwa kesi ambayo ilikuwa yao.

Hapa nyumbani malalamiko ya mikataba yanapelekwa TFF, shirikisho letu la mpira, kuna kamati ya sheria na hadhi za wachezaji. Na kuna chama cha wachezaji, SPUTANZA, apige hodi huko kabla hajaandika chochote, wamuangalizie mkataba na namna kanuni za hapa zilivyokaa. Kama mkataba wenyewe hana nakala, na wengi hawana, wanasaini juu ya boneti ya gari wanaambiwa utapewa baadaye, basi aidai leo, kwa meseji ili ibaki kumbukumbu.

Asisubiri sana. Madai ya mpira yana muda, kwa FIFA ni miaka miwili tangu tatizo litokee, na viongozi wa klabu hubadilika haraka, unarudi unaambiwa aliyekusajili hayupo.

Barua iwe fupi. Jina lake, tarehe ya mkataba, mshahara kwa mwezi, miezi anayodai kwa majina yake na jumla yake, na mstari mmoja kwamba anawapa siku 15 tangu leo. Kompyuta si lazima, kwa mkono inatosha. Nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine aliyepokea aandike jina, tarehe na sahihi, hiyo mrudi nayo nyumbani mkaiweke mahali pakavu. Wakikataa kusaini, aende na mtu mzima mmoja wa kushuhudia na aitume tena kwa simu.

Kuhusu kuacha mpira, hilo mkae nyie wawili baada ya hizo siku 15, si sasa wakati sikio bado linauma.

Na mtoto mwambie leoleo kabla hajalala, baba hachezi bure. Baba anadai.